Kusoma si kukariri: michezo ya silabi na hadithi katika vigango vyetu



Wengi wenu mmetuuliza, kwa barua na hata ana kwa ana, kwa nini fungu la elimu linatumika kununua manila, kalamu na vitabu vya hadithi, na kulipa posho ya vijana, wakati kigango kinahitaji chumba kingine cha tofali. Mzee mmoja wa kamati alituuliza kwa ukali zaidi: "Watoto wanakuja kucheza na vizibo vya soda, na ninyi mnaita hiyo elimu?" Ni swali la haki. Tunaomba kulijibu kwa urefu kidogo, kuanzia kwa mtoto mmoja.

Alikuwa wa darasa la nne, amekuja Jumamosi na wenzake wa Utoto Mtakatifu. Katekista alimpa kitabu cha darasa la pili, akamwambia afungue anapotaka. Mtoto alisoma ukurasa mzima kwa sauti nzuri, bila kukwama. Tukafurahi. Kisha katekista, ambaye ana mazoea ya siku nyingi na watoto, akaweka kiganja chake juu ya mistari miwili ya mwisho. Mtoto akaendelea "kusoma" mistari iliyofunikwa, neno kwa neno, bila kuona kwamba kuna jambo limebadilika. Tulipoandika maneno matatu ya ukurasa uleule kwenye mchanga, hakulitambua hata moja.

Mtoto huyu si mzito wa akili. Mtu anayeweza kushika kitabu kizima kichwani kwa kuwasikiliza wenzake ana akili kuliko wengi wetu. Alijifunza kile alichodhani anatakiwa kujifunza, yaani kusema maneno yanayotakiwa wakati yanapotakiwa. Kwa miaka mitatu hakuna aliyeweka kiganja juu ya ukurasa. Na upimaji wa kitaifa wa darasa la nne ulikuwa mbele yake, wenye karatasi ambazo hakuna mtu angemsomea kwanza.

Tatizo hili si la mtoto mmoja

Serikali ilipofuta ada ya shule za msingi chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), ulioanza mwaka 2002, watoto walimiminika shuleni. Idadi yao ilipanda kutoka karibu milioni 5 mwaka 2001 hadi zaidi ya milioni 7 mwaka 2004. Ilikuwa ni neema kubwa, na tuliishangilia. Lakini walimu na vitabu havikuongezeka kwa kasi hiyo. Mwaka 2010 wapimaji wa Uwezo walikwenda nyumba kwa nyumba, wakawapa watoto karatasi ndogo yenye silabi, maneno, aya na hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Kati ya watoto wa darasa la tatu, takriban watatu katika kila kumi ndio waliosoma hadithi ile. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliandikwa upya ukaweka mkazo kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Hatua hiyo ni nzuri. Hata hivyo huku kwetu Kanda ya Ziwa, darasa la kwanza lenye watoto zaidi ya mia moja si ajabu, na mwalimu mmoja hawezi kuweka kiganja juu ya vitabu mia moja.

Kwa hiyo hatuandiki kuwalaumu walimu. Kazi ya Jumamosi kwenye kigango ni kuwapa watoto kile ambacho darasa kubwa haliwezi kuwapa: zamu ya kusema, zamu ya kushika, na mtu mzima wa kuwasikiliza mmoja mmoja. Na Kanisa si mgeni katika kazi hii. Kule Buganda Wakristo wa kwanza waliitwa abasomi, maana yake wasomaji, kwa kuwa kujifunza dini na kujifunza kusoma vilikwenda pamoja.

Masikio kwanza, macho baadaye

Kiswahili kina neema yake. Herufi zake karibu zote zina sauti isiyobadilikabadilika, tofauti na Kiingereza. Irabu ni tano tu. Mtoto akizishika silabi vizuri, anaweza kutamka neno lolote, hata lile ambalo hajawahi kulisikia. Lakini neema hiyo ina mtego ndani yake. Ba, be, bi, bo, bu huimbika kwa urahisi, na mtoto anaweza kuimba ubao mzima huku anatazama dirishani. Mwonyeshe "bo" peke yake, utamsikia akianza kunong'ona "ba, be, bi..." mpaka afike. Anaujua wimbo, silabi yenyewe haijui.

Ndiyo sababu vipindi vyetu vinaanza bila kitabu wala ubao. Watoto wanakaa duara, mwezeshaji anataja neno, wao wanapiga makofi kwa kila silabi. Baba, makofi mawili. Kitabu, matatu. Mtoto nalo matatu, kwa sababu "m" ile inasimama peke yake. Kisha tunawapa mbuzi na mbu. Hapo kelele huanza. Maneno yote mawili yana makofi mawili: mbu-zi, lakini m-bu. Watoto wanabishana, wanarudia, wanayatikisa maneno mdomoni kama pipi. Mwezeshaji asikimbilie kutoa jibu. Katika ubishi ule mtoto anagundua kwamba neno lina vipande, na kwamba vipande hivyo anaweza kuvisikia mwenyewe. Bila ugunduzi huo herufi za ubaoni zinabaki kuwa michoro tu.

Mchezo mwingine tuliuazima kwa watu wa pwani, ambako watoto kwa vijana wamekuwa wakiucheza tangu zamani ili wakubwa wasielewe wanachosema. Unaitwa kinyume. Silabi ya mwisho inaletwa mbele: kitu inakuwa "tuki", kalamu inakuwa "mukala". "Nakwenda sokoni" inageuka "ndanakwe nisoko". Wiki ya kwanza ni vicheko na kuchanganyikiwa. Wiki ya tatu wasichana wawili walikuwa wakisengenyana kwa kinyume mbele ya katekista, naye akabaki anatabasamu asielewe kitu. Mtoto anayeweza kung'oa silabi na kuipachika mahali pengine kichwani, bila karatasi, amekwisha fanya sehemu kubwa ya kazi ya kusoma.

Kuna jambo la l na r ambalo wanakamati wengi wametutaka tulikomeshe kwa nguvu. Watoto wengi wa huku huzichanganya sauti hizi kwa sababu lugha ya nyumbani haizitofautishi, na wakubwa wao pia huzichanganya, tukiwemo baadhi yetu tunaoandika makala hii. Fimbo na kejeli havisaidii. Tunachora picha mbili, kalamu na karamu, tunaziweka pande mbili za uwanja, mwezeshaji anatamka, watoto wanakimbilia picha waliyoisikia. Siku moja nusu ya kundi ilikimbilia kalamu kwenda kula pilau. Walicheka wenyewe, na wakasikiliza zaidi mara iliyofuata.

Vizibo vya soda

Sasa tufike kwenye vizibo alivyovilalamikia yule mzee. Watoto huviokota wenyewe, huvipondaponda vikawa bapa ili visiwakate, na mwezeshaji hubandika ndani karatasi yenye silabi moja. Kila kundi la watoto wanne au watano hupewa silabi chache tu. Chukua ka, ta, ma na li. Zinatoka kata, taka, kama, kali, mali, lita, kamata, makali. Kundi linaloandika neno lazima lilisome na kulitumia katika sentensi, la sivyo halihesabiwi. Kwa sharti hilo mtoto hawezi kupanga vizibo ovyo akabahatisha.

Siku moja binti mdogo alipanga "kalima" na kusema kwamba ni sungura aliyelima shamba, kale kadogo kalima. Kundi la pili likapinga kwamba hilo si neno, na kwamba angalau lingekuwa "kamelima". Walibishana sarufi kwa dakika kumi. Mwalimu wa shule jirani aliyekuwa amekuja kututembelea alikaa kimya akisikiliza, na Jumatatu akaomba apewe vizibo vya darasa lake.

Baada ya silabi nyepesi zinakuja nzito: nda, mba, nja, nya, kwa, mwa, mbwa, na ng' ya ng'ombe ambayo si sawa na ng ya ngoma. Hapa tunakwenda polepole. Watoto wengi waliokuwa wakienda vizuri hukwama kwenye hizi na kuanza kubahatisha kwa kutazama herufi ya kwanza tu.

Na mbele zaidi kuna neno refu. Wageni wanaojifunza lugha yetu huliogopa, na sisi husahau kwamba mtoto wetu naye ana haki ya kuliogopa. "Hawakutusaidia" ni neno moja lenye silabi nane. Mtoto anayesoma silabi moja moja akifika "di-a" amekwisha sahau "ha-wa". Amelitamka lote na hajui limesema nini. Tunamsaidia kwa mchezo wa ngazi: kila mtoto katika mstari huongeza kipande kwenye neno la mwenzake. Soma. Anasoma. Wanasoma. Wanasomea. Wanasomeana. Kisha wanashuka ngazi. Wakizoea kuona "wana-" kama kitu kimoja, na "hawaku-" kama kitu kimoja, jicho linaacha kuhesabu herufi na akili inapata nafasi ya kusikiliza maana.

Hadithi ya mtoto mwenyewe

Tungeishia kwenye silabi tungekuwa tumetengeneza watamkaji, si wasomaji. Nusu ya pili ya kila kipindi ni ya hadithi. Mwezeshaji huanza na vitendawili, kwa sababu vinachangamsha na vinamfundisha mtoto kutafuta maana nyuma ya maneno. Kisha mtoto mmoja husimulia jambo lililompata wiki hiyo: ndama aliyepotea, mvua iliyoezua paa, bibi aliyerudi kutoka hospitali. Mwezeshaji anaandika kwenye karatasi kubwa yale yale aliyosema mtoto, kwa maneno yake, mistari mitano au sita. Wanaisoma pamoja. Halafu karatasi inakatwa mistari, mistari inachanganywa, na watoto wanaipanga upya. Aliyeisimulia huwa mkali sana kwa atakayekosea mpangilio.

Wazee wetu wanaifahamu njia hii hata kama hawakuijua kwa jina. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na hapa kwetu mradi wa majaribio wa UNESCO ulikuwa umeanza mwaka 1968 katika mikoa ya Ziwa. Vitabu vyake vya kwanza vya kusomea vilihusu pamba, migomba, ng'ombe na uvuvi. Mkulima alijifunza kusoma kwa maneno ambayo tayari yalikuwa mikononi mwake. Mtoto naye anastahili kuanzia hapo.

Nyimbo za kanisani tulidhani zingekuwa rahisi zaidi, kwa kuwa watoto wanazijua zote. Tulikosea. Tulipobandika wimbo ukutani waliusoma wote kwa kishindo, na ilikuwa ni hadithi ya kiganja tena. Sasa wimbo unaruhusiwa ukishakatwa vipande tu, na mtoto anatumwa alete mstari fulani bila kuuimba. Kwa hiyo mkifika kigangoni mkawakuta watoto kimya mbele ya wimbo, msidhani mambo yamelala.

Kosa letu la kabati

Tunawiwa kuwaeleza wahisani jambo ambalo halikuandikwa vizuri katika taarifa zetu za nyuma. Mwaka wa kwanza wa kazi hii tulipokea maboksi ya vitabu vya Kiingereza, vizuri na vyenye picha za rangi, tukavigawa katika vigango. Tuliandika idadi ya vitabu vilivyogawiwa. Hatukuandika kwamba hapakuwa na mtoto hata mmoja katika vigango vile aliyeweza kuvisoma. Mwaka uliofuata tulinunua vya Kiswahili, vya aina ile ambayo Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1991, umekuwa ukiihimiza: hadithi fupi, zilizoandikwa na kuchorwa humu nchini. Tukanunua na kabati lenye kufuli ili visiharibike.

Tuliporudi baada ya miezi minane vitabu vilikuwa safi kabisa. Ufunguo alikuwa nao katibu, na katibu alikuwa amehamia mjini kwa mwanawe. Hatumlaumu. Sisi ndio tulionunua kufuli, na sisi ndio tuliosema katika semina kwamba kitabu kitakachopotea kamati itakilipa. Nani angethubutu kumpa mtoto kitabu kwa masharti hayo?

Sasa vitabu viko kwenye mfuko wa kiroba uliotundikwa ukutani, na watoto wawili wakubwa ndio wanaoandika kwenye daftari nani amechukua nini. Vingine vinarudi na alama za mafuta ya taa na vidole vya ugali. Vichache havirudi. Tunaomba wahisani wavitazame vile vilivyochakaa kama mnavyotazama jembe lililolika. Katika taarifa zetu tumeacha kuhesabu vitabu vilivyogawiwa, tunahesabu vilivyoazimwa.

Kamati inaweza kupima yenyewe

Makundi yetu hayafuati darasa la shule. Mtoto wa darasa la tano asiyejua maneno anakaa na wa darasa la pili asiyejua maneno, na tunafanya kwa upole ili asione aibu. Wazo hili limejaribiwa sana nchini India na shirika la Pratham, ambalo mwaka 2005 lilianzisha pia utaratibu wa kuwapima watoto majumbani, na utaratibu huo ndio uliowapa wenzetu wa Uwezo mfano.

Kipimo chenyewe hakihitaji mtaalamu. Andika kwa mkono kwenye karatasi silabi kumi zilizochanganywa bila mpangilio wa ubaoni, maneno kumi, aya ya sentensi nne, na hadithi fupi ambayo haijawahi kuonekana kijijini, yenye maswali mawili ya maana. Mkalishe mtoto pembeni, peke yake, dakika tano. Anza na aya. Akiweza, mpe hadithi. Akishindwa, rudi kwenye maneno, halafu silabi. Pale anapoishia ndipo kundi lake. Rudieni kila baada ya miezi mitatu, kwa karatasi mpya kila mara, kwa sababu mnajua sasa jinsi karatasi ya zamani inavyokaririwa.

Yule mzee wa vizibo tulimwomba awe mmoja wa wapimaji. Aliwapima watoto wa jumuiya yake mwenyewe, akiwemo mjukuu wake wa darasa la tano. Hatutaandika matokeo ya mjukuu. Mzee alirudi kwenye kikao akasema chumba cha tofali kingoje msimu mmoja, na kwamba posho ya wezeshaji isicheleweshwe.

Posho ndiyo gharama kubwa, na hatutaificha. Vizibo ni bure, manila ni bei ndogo, vitabu vinanunuliwa mara moja kwa muda. Lakini kijana aliyemaliza kidato cha nne, anayefika kila Jumamosi saa tatu hata wakati wa mavuno ya pamba, hawezi kuishi kwa shukrani tu. Kigango ambacho wezeshaji wake walibadilika mara tatu kwa mwaka kilirudi nyuma, hata kama kilikuwa na vitabu vingi kuliko vyote. Tukilazimika kuchagua, tutapunguza vitabu kabla ya kupunguza mtu. Milango iko wazi kwa watoto wote wa kijiji, Wakatoliki, Waislamu na wasio na dhehebu, na kamati isiyokubali sharti hilo tunaiomba isituombe fedha hizi.

Robo ijayo ni ngumu. Mpunga unapoanza kukomaa, watoto wengi huenda kuamia ndege kwenye majaruba kuanzia alfajiri, na wengine hatutawaona kwa majuma kadhaa. Tumekubaliana na vigango vinne kwamba mwezeshaji atawafuata huko, na kila mtoto atapewa kitabu kimoja cha kukaa nacho shambani. Yule mtoto wa kiganja naye atakuwa majaruba. Kwenye kipimo cha mwisho alikuwa amefika kundi la aya. Hadithi bado inamshinda katikati, anasimama na kurudi mwanzo wa mstari, na kila akifika mwisho hutazama mkono wa katekista uko wapi.